Upasuaji wa ncha ya pua Malindi: ushauri safi, uangalizi wapwaya

Kliniki hii ya Malindi haipasui yenyewe. Daktari bingwa huja kwa zamu, hupima na kuchora, kisha mgonjwa hupasuliwa Mombasa. Kinachopimwa hapa basi ni ushauri kabla ya kisu na uangalizi baada yake.

Ushauri ni wa kuaminika. Daktari hubonyeza ncha kwa kidole na kuiachia. Ikichelewa kurudi, gegedu, yaani kiunzi kinachonyumbulika chini ya ngozi ya pua, ni laini na halina nguvu ya kubeba ngozi. Kwa pua yenye ngozi nene, na huku pwani zipo tele, kukata gegedu peke yake hakuchongi kitu. Ni kung'oa mlingoti wa turubai la harusi ukitaraji lisimame.

Kwa hiyo yeye hujenga. Kipande cha gegedu hutolewa kwenye ukuta wa kati wa pua na kusimamishwa katikati ya matundu mawili, halafu vilele vya magegedu ya ncha huvutwa pamoja kwa uzi mwembamba wa kushonea, saizi 5-0. Palipo na haja ya kupunguza, hukatwa ukanda wa juu tu wa gegedu la ubavuni, na milimita 6 hadi 8 huachwa. Chini ya hapo, tundu hunywea kila ukivuta pumzi kwa nguvu. Ukuta wa kati nao ubakishiwe angalau milimita 10 juu na mbele, la sivyo mgongo wa pua utabonyea baadaye. Silikoni kwenye ncha ameikataa waziwazi, na ana haki: ngozi ya hapo hukonda hadi ikatoboka.

Kasoro zaanzia kwenye karatasi ya maelekezo, Kiingereza kitupu. Yaliyomo ni sahihi: aspirini na ibuprofeni ziachwe wiki 2 kabla, sigara wiki 4, kulala kichwa kikiwa juu, nyuzi za nje kutolewa siku ya 5 hadi ya 7. Lakini kusujudu, ambako pua hugusa chini, hakukutajwa, wala kupandisha maji puani wakati wa kutawadha, wala ninja (nikabu) inayokaza juu ya ncha mbichi. Haya ndiyo mgonjwa wa hapa atayafanya siku ya kwanza nyumbani. Daktari aulizwe mapema, na sheikh pia.

Picha za “baada” zilizobandikwa ukutani ni za wiki ya 6. Wakati huo ncha bado imevimba. Kwenye ngozi nene uvimbe huchukua mwaka na zaidi. Anayeahidi sindano ya triamsinoloni, dawa ya steroidi, kuharakisha uvimbe upungue aeleze pia kwamba dozi ikizidi, ngozi hukonda na kubonyea.

Ncha ikibadilika rangi, ikitoa usaha, au maumivu yakizidi badala ya kupungua, usingoje zamu ijayo ya daktari. Namba ya usiku ya kliniki haipokelewi. Dai namba ya wodi ya Mombasa kabla hujalipa.