Kano ya kisigino iliyokatika: kushonwa au kufungwa plasta?
Mvuvi wa Ujiji na mkulima wa Kasulu waliokatika kano hii, ile kamba nene inayounganisha msuli wa nyuma ya mguu na kisigino, huuliza swali lilelile: wapasuliwe na kushonwa, au wafungwe plasta ngumu (POP) bila kupasuliwa? Utafiti wa Norway uliochapishwa mwaka 2022 ulionyesha kwamba baada ya miezi 12 hali ya waliopasuliwa na ya wasiopasuliwa ililingana. Hata hivyo, kano ilikatika tena kwa asilimia 6.2 ya wasiopasuliwa na asilimia 0.6 tu ya waliopasuliwa, ambao nao walipata zaidi majeraha ya neva. Kwa gharama plasta hushinda, mradi ifungwe mapema, vidole vikielekezwa chini. Ukichelewa wiki kadhaa, hesabu yote hubadilika. Mpagazi wa bandarini, ambaye mizigo mizito humfanya aogope kano kukatika tena, ana sababu ya kuchagua mshono, ilhali mwenye kisukari, ambaye vidonda vyake hupona polepole, ana sababu ya kuuepuka.