Nyota au maneno ya msomaji?

Nikitafuta kamusi au kitabu cha mazoezi ya hesabu, nyota, yaani alama za 1 hadi 5 ambazo wasomaji hukipa kitabu, zinanitosha. Kwa riwaya, hapana. Wastani wa 3 unaweza kutoka kwa wasomaji waliotoa 3 wote, au nusu waliotoa 5 na nusu waliotoa 1. Kitabu cha aina hiyo ya pili, kilichowagawa watu, ndicho ninachokitaka, na wastani umeshakificha!

Maoni ya maandishi yanakula muda, na mengine yanafichua mwisho wa hadithi, jambo linaloniudhi kweli. Lakini msomaji akilalamika, "Kurasa 40 nzima mtu amekaa barazani anasubiri mvua," mimi nimeshakipenda. Yeye amekinyima nyota. Mimi nakwenda kukitafuta leo hii.