Jérôme Lindon cha Jean Echenoz: mchapishaji aliyejua kukataa

Jean Echenoz, mwandishi wa riwaya wa Ufaransa, alikiandika kitabu hiki cha kumbukumbu mwaka 2001, mwaka uleule aliofariki mchapishaji wake, Jérôme Lindon, nacho kikatolewa na Les Éditions de Minuit, kampuni ambayo Lindon aliiongoza tangu 1948. Ni chembamba, kurasa zake hazifiki 70, na jalada ni lile jeupe lenye maandishi ya buluu, nyota na herufi m. Nilikimaliza jioni moja, na kesho yake nikakirudia.

Masimulizi yanaanza siku ya theluji jijini Paris, Januari 1979. Echenoz ana mswada wa riwaya yake ya kwanza, amekwisha kupokea barua kadhaa za kukataliwa, na jina la Lindon analiona kubwa mno kwake. Lindon anaukubali. Hata hivyo, mswada unaofuata anaukataa, na hapo ndipo kitabu kiliponishika kweli, kwa sababu urafiki haukufa kwa kukataliwa huko: Echenoz alirudi kuandika, riwaya yake Cherokee ikapata Tuzo ya Médicis mwaka 1983, na riwaya yake Je m'en vais ikapata Goncourt, tuzo kubwa ya fasihi ya Ufaransa, mwaka 1999, zote zikiwa zimetoka kwa Lindon yuleyule. Sijasoma maelezo ya kweli zaidi kuhusu mapenzi ya mchapishaji kwa mwandishi wake, mapenzi yasiyomzuia kumrudishia kazi isiyofaa.

Ili kuelewa kwa nini kijana huyo aliingiwa na hofu, yafaa kujua Lindon alikuwa nani. Minuit ilizaliwa mafichoni, wakati Ufaransa ilipokuwa imekaliwa na Wajerumani. Baada ya vita, wachapishaji kadhaa walipokwisha kuikataa kazi ya mwandishi wa Ireland Samuel Beckett, Lindon aliuchukua mswada wa riwaya yake Molloy akausoma ndani ya metro, treni ya mjini Paris, na mwenyewe alisimulia jinsi alivyoangua kicheko mbele ya abiria hata karatasi zikamponyoka mikononi. Riwaya hiyo ilitoka mwaka 1951, na Beckett alipopewa Tuzo ya Nobel mwaka 1969, asitake kwenda Stockholm, Lindon ndiye aliyekwenda kuipokea kwa niaba yake. Mwaka 1958 alikuwa amekwisha kuchapa ushuhuda wa mwandishi wa habari Henri Alleg juu ya mateso aliyofanyiwa na wanajeshi wa Ufaransa nchini Algeria, na serikali ikaamuru nakala zikamatwe.

Anayetafuta historia kamili ya mambo hayo hataipata humu, na kwa msomaji asiyemfahamu Lindon kabisa hilo ni pungufu la kweli. Ningependa kuona angalau utangulizi mfupi. Kifaransa chake, hata hivyo, ni chepesi na sentensi zake zimepimwa, hivyo aliyesoma Kifaransa shuleni Bujumbura au Lubumbashi ataweza kukifuata bila kamusi nyingi. Ningempa kwanza mwandishi chipukizi ambaye mswada wake umerudishwa wiki hii.

Kwa walioko Ufaransa, kinunueni katika duka dogo la vitabu la mtaani kwenu. Sheria ya 1981, ambayo Lindon aliipigania kwa nguvu, hairuhusu muuzaji kupunguza bei ya kitabu kipya kwa zaidi ya asilimia 5, kwa hiyo duka kubwa haliwezi kumshinda yule mdogo kwa bei.