Vidonge vya vitamini B komplex: vizuri ila maandishi ya kopo yanapotosha

Jamani hivi vidonge vimeandikwa "nguvu papo hapo" na hapo ndo siwaungi mkono, vitamini haina kalori, nguvu inatoka kwenye wanga, mafuta na protini, gramu moja ya mafuta inatoa kama kalori 9 na ya wanga 4, sasa B1 na B2 kazi yake ni kusaidia vimeng'enya kuchoma hicho chakula mpaka seli zipate ATP, yaani nishati ambayo seli zinaitumia moja kwa moja. Kwa hiyo ukiwa unakula vizuri hutasikia tofauti yoyote, mi sijaisikia. Mkojo ukiwa wa njano kali usiogope, ni B2 iliyozidi inatoka. Vinamezeka poa, harufu tu kali ukifungua kopo. Mwenye upungufu kweli vitamfaa sana, apime kwanza. Nyota 3.