Uchambuzi wa Black Monk Time: askari watano, banjo moja, albamu moja

Karibuni wapendwa, karibuni tena. Leo nina sahani ya santuri, ngoja niisogeze karibu na kamera muione. Jalada jeusi tii, mbele hakuna sura ya mtu, maandishi tu. Hii ni Black Monk Time ya kundi la The Monks, yaani Watawa, iliyotoka Ujerumani mwaka 1966. Ndiyo albamu yao pekee. Hii yangu ni toleo la kampuni ya Light in the Attic la mwaka 2009. Ile ya kwanza kabisa, ya kampuni ya Polydor, waachieni wakusanyaji wenye fedha zao.

Muziki wao huitwa roki ya gereji. Mtu akikwambia hivyo, anamaanisha vijana waliokuwa wakifanyia mazoezi kwenye banda la gari nyumbani kwao, magitaa yanakwaruza, kurekodi ni haraka haraka. Marekani ya miaka ya 1960 ilijaa vikundi vya namna hiyo. Hawa ni Wamarekani pia, ila banda lao lilikuwa kambi ya jeshi: Gelnhausen, Ujerumani Magharibi. Gary Burger gitaa na sauti, Larry Clark kinanda, Dave Day gitaa la pili, Eddie Shaw besi, Roger Johnston ngoma. Wakati wa utumishi walijiita Torquays, wakipiga nyimbo za watu wengine kwenye baa ili askari na wasichana wacheze. Walipomaliza jeshi hawakurudi kwao. Wakabaki Ujerumani, wakapiga klabu hadi klabu.

Ndipo wakakutana na Wajerumani wawili wa mambo ya matangazo, Walther Niemann na Karl Remy, na hapo ndipo kila kitu kilipobadilika. Wakanyolewa utosi kama watawa wa zamani. Nguo nyeusi, kamba shingoni, na hata wakishuka jukwaani waendelee kuwa hivyo hivyo. Wengi wanaisimulia habari ya nywele wakaishia hapo. Mimi naomba tuiache, tuende kwenye sauti, maana ndiyo iliyonifanya nikae mbele ya kamera leo.

Sikilizeni walichofanya. Walipunguza. Kila chombo kilichokuwa kinaimba kikaambiwa kipige mdundo. Roger akayaacha matoazi karibu yote, akahamia kwenye ngoma nzito za chini. Kinanda cha Larry kinapiga kelele fupi fupi. Besi ya Eddie imewekewa mkwaruzo mpaka inanguruma. Na Dave Day akaweka gitaa chini, akashika banjo. Banjo, jamani! Chombo chenye mizizi Afrika Magharibi, kilichovushwa bahari na watu waliouzwa utumwani, kikaishia kujulikana kama chombo cha wazungu wa mashambani. Humu hakiimbi hata kidogo. Fikirieni kayamba, lile linalotikiswa bila kupumzika katikati ya ngoma. Hiyo ndiyo kazi ya banjo humu, chaka-chaka-chaka, wimbo baada ya wimbo. Mara ya kwanza nilidhani sindano yangu imeharibika. Nikaisafisha, nikarudia, kumbe ni mkono wa Dave.

Halafu kuna ule mlio. Mnaujua: maiki inapokaribia spika harusini, watu wote wanaziba masikio. Inasemekana siku moja mazoezini Gary aliegemeza gitaa kwenye amplifaya akaenda chooni, gitaa likaanza kulia lenyewe, na Roger badala ya kulizima akaanza kupiga ngoma juu yake. Wakaona hapa kuna kitu. Vaeni spika za masikioni msikilize gitaa la Gary katika albamu hii. Mlio ule anautumia kama pumzi.

Wimbo wa kwanza ni Monk Time. Kabla hujakaa sawa, Gary anapaza sauti kwamba hawalipendi jeshi, anauliza kwa nini watoto wanauawa Vietnam. Kumbukeni nani anasema. Ni mtu aliyevaa sare ya jeshi hilo hilo, tena vita bado vinapanda. Kwa hiyo Complication inapokuja, na maneno yake ya watu kulia, kufa na kuua kwa ajili yako, mimi siisikii kama kelele za vijana. Naisikia kambi. Ile hatua ya gwaride, moja mbili, moja mbili, imegeuzwa dhidi ya waliowafundisha.

Wimbo ninaoupenda zaidi ni Oh, How to Do Now. Maneno ni machache mno, yanarudiwa tu, lakini kinanda na banjo vinasukumana mpaka miguu inakataa kutulia. I Hate You ni ya taratibu, nzito, wenzake Gary wanaitikia nyuma kama kwaya yenye hasira. Siwafichi udhaifu: We Do Wie Du ni nyepesi, na Drunken Maria wazo lake linaisha mapema kuliko wimbo wenyewe, ingawa ni mfupi. Jumla nyimbo 12, takriban nusu saa.

Haikuuzika. Marekani haikutoka kabisa wakati ule. Nyumbani kwao ilichapishwa 1997. Baada ya albamu waliimba nyimbo laini zaidi, kama Love Can Tame the Wild, na ukizisikia unahisi watu wanaombwa wawe kama wengine. Unaumia. Mwaka 1967 kulikuwa na mpango wa ziara ya Asia, Vietnam ikiwemo. Haikufanyika, kundi likavunjika. Walikuja kusimama tena jukwaani pamoja mwaka 1999, New York, wakiwa watu wazima. Gary alifariki 2014, akiwa ameshakuwa meya wa mji mdogo wa Turtle River, Minnesota.

Kwa anayetaka kununua: chukueni toleo lolote lililochapwa upya, ila kama ni sidii yenye nyimbo za nyongeza, zile za mwisho zisikilizeni siku nyingine. Sikilizeni 12 zile kwa mpangilio wake, kwa sauti kubwa, mchana, majirani wakiwa kazini. Na mkifika Complication, niandikieni hapo chini kama nanyi mmeisikia ile gwaride.