Kijana wa NBA: aongezewe mkataba mapema au asubirishwe?

Kila mwaka kabla ya msimu wa NBA, ligi kuu ya kikapu Marekani, mabishano ni yale yale. Kijana aliyechaguliwa raundi ya kwanza ya drafti, zamu ya timu kuchagua vijana wapya, amemaliza msimu wa 3 kati ya 4 ya mkataba wake wa kwanza. Aongezewe sasa, au timu ingoje mkataba uishe, kisha itumie haki yake ya kufikia ofa ya timu nyingine, yaani kumlipa sawa na ofa hiyo na kubaki naye?

Kwa gharama, kuwahi hulipa kijana akija kung'ara. Mwaka 2012 Golden State walimsainisha Stephen Curry kwa dola milioni 44, miaka 4, huku vifundo vya miguu yake vikitia shaka. Leo tunaiita bei ya kutupa. Ila shaka ile ilikuwa ya kweli. Vifundo vingegoma, fedha zingelipwa vilevile.

Kusubiri huongeza ushahidi wa msimu mzima, na nafasi kwenye ukomo wa mishahara, yaani kiwango ambacho ligi huiwekea timu: kabla hajasaini upya, kijana huhesabiwa kwa kiasi kidogo, na timu hupata pa kumsajili mwingine kwanza. San Antonio walimsubirisha Kawhi Leonard, wakamchukua LaMarcus Aldridge mwaka 2015, na Leonard wakabaki naye. Hesabu safi.

Utah haikuwaendea hivyo. Nao walimsubirisha Gordon Hayward, na mwaka 2014 Charlotte wakamwandikia ofa ya dola milioni 63. Utah wakaifikia, pamoja na sharti lake la kumruhusu kujitoa kabla mkataba haujaisha: mwaka 2017 alijitoa, akaenda Boston.

Timu yenye nyota wa kufukuzia ina sababu ya kungoja. Ile ambayo wachezaji huru, wasio na mkataba, huikwepa, naona afadhali iwahi, mradi daktari ameridhika.