Kusafisha maji ya migodi Pennsylvania: kipi kinaleta ajira ya kudumu, mtambo wa chokaa au mabwawa ya mawe?
Kwenye migodi ya makaa ya mawe iliyoachwa Pennsylvania, maji yenye asidi na chuma hutoka mwaka mzima, hata mwenye mgodi akiwa hayupo tena. Mtambo wa chokaa, unaochanganya chokaa na maji hayo ili kupunguza asidi, unataka watu kila siku: mwendeshaji, fundi wa pampu, dereva wa kuleta chokaa, mpimaji wa maji.

Mabwawa ya mawe ya chokaa, ambamo maji hupita kwenye mawe yanayopunguza asidi, hayali umeme. Ila wanaosema hayahitaji mtu wanajidanganya: tope la rangi ya chungwa huziba mabomba, mawe hufanya ganda, na lazima mtu ashuke na koleo. Tatizo, vibarua hivyo huja na kupotea.

Kwa ajira ya kudumu nachagua mtambo, fedha zikiwepo. Sheria ya Marekani ya mwishoni mwa 2022 inaruhusu majimbo kuwekea gharama za kusafisha maji haya akiba ya hadi asilimia 30 ya ruzuku yao mpya ya migodi iliyoachwa.